Ati Shika Jembe, Utasahau!

Katika nchi yetu kuna dawa moja ambayo kila mtu ni mganga wake. Haiuzwi, haipimwi, wala haihitaji cheti. Mtu akipatwa na huzuni, huambiwa: "Jishughulishe, utasahau." Mimi mwenyewe nimewagawia wengine dawa hiyo kwa zaidi ya miaka 30, kwanza nikiwa mwalimu wa kawaida, baadaye nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Mwaka jana ikawa zamu yangu kuinywa. Nimeinywa hadi tone la mwisho, na leo nathubutu kuandika kwamba haiponyi.

Huzuni yenyewe ilikuwa ya mbwa. Najua tayari yupo msomaji aliyetabasamu. Atabasamu tu, lakini asifunge kitabu.

Mbwa huyo aliitwa Tarishi. Jina hilo alipewa na majirani, si mimi. Baada ya kustaafu nilikuwa na desturi ya kutembea kila asubuhi, kwenda parokiani, sokoni, au kumjulia hali mzee mwenzangu, na mbwa huyu alikuwa akitangulia. Akifika yeye mlangoni, watu waliteleka chai, wakijua kwamba mwalimu yuko njiani. Alifanya kazi hiyo miaka 9 bila mshahara na bila likizo. Katika utumishi wangu wote sikupata kuwa na tarishi wa ofisi aliyekuwa mwaminifu kama yeye.

Asubuhi moja ya mwezi wa Februari aligongwa na lori katika barabara kuu. Barabara ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga sasa ni ya lami, nasi tunaishukuru, kwa maana tunaokumbuka ile ya vumbi na matope tunajua tulivyoteseka. Lakini lami imeleta mwendo ambao wanyama wetu hawajaujifunza. Dereva hakusimama. Mimi nilifika, nikasimama, nikatazama, kisha nikatazama kando.

Jirani yangu, mtu mwema ambaye sina ugomvi naye, alinishika bega akasema, "Pole, Mwalimu. Lakini ni mbwa tu. Usikae ndani ukiwaza. Shika jembe, utasahau." Nikamwitikia. Nikampa kijana mmoja shilingi elfu tano na gunia kuukuu, nikamwambia amwondoe. Sikumwuliza atampeleka wapi. Kabla ya adhuhuri nilikuwa shambani.

Msomaji asiyeijua Ufipa inafaa aelezwe kazi niliyokuwa nikiifanya huko. Uwanda wetu uko juu sana. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, chini ya milima ya Mbizi. Nchi hii ya juu ni ya majani zaidi kuliko miti. Ndugu zetu Wabemba ng'ambo ya mpaka wa Zambia hukata matawi, wakayarundika na kuyachoma, kisha wakapanda ulezi katika majivu. Kilimo hicho huitwa chitemene. Wazee wetu Wafipa, kwa kukosa miti mingi, walibuni njia nyingine. Mvua zinapoelekea mwisho wake, udongo ukiwa bado laini, mkulima huparua majani pamoja na udongo wake, akayalaza na kuyafunika kwa udongo mwingine hadi yakawa kilima kidogo cha mviringo. Kilima hicho ndicho intumba. Majani huoza ndani yake. Juu yake watu huweza kupanda maharage, na mvua za msimu unaofuata zikija, vilima hubomolewa, rutuba ikatandazwa, na ulezi ukapandwa. Leo wengi wanalima kwa maksai na wanategemea mbolea ya dukani, lakini intumba bado zipo, na mimi ni mmoja wa wanaozipenda.

Basi nililima intumba. Nililima kuliko nguvu za umri wangu na kuliko haja ya nyumba yangu. Mvua ikinizuia, nilitengeneza ua wa kuku. Ua ulipokwisha, nilipanga upya makaratasi ya miaka 40. Majirani walinisifu. "Mwalimu amejikaza," walisema. Na kwa hakika mtu angenitazama kwa mbali angeona mgonjwa aliyepona.

Lakini mambo mawili yalinisuta. La kwanza, nilikuwa nimeacha kupita njia yangu ya zamani. Nilizunguka nyuma ya nyumba za watu ili nisipite milango ile ambayo Tarishi alikuwa akinitangulia. La pili, kila jioni mkono wangu uliendelea kutenga kipande cha ugali pembeni mwa sahani. Nilikuwa nikikiona kipande hicho baada ya kula, nacho kimepoa, wala sijui nikitie wapi. Nililima wiki sita, na mkono haukusahau.

Pasaka ilipokaribia mjukuu wangu wa miaka 9 alikuja kutusalimu. Habari alikwisha kuisikia. Hakulia. Aliweka mfuko wake chini, akaniamkia, kisha akaniuliza, "Babu, kaburi la Tarishi liko wapi?"

Nikamjibu kwamba halipo.

"Mlimtupa?"

Katika maisha yangu nimehojiwa na wakaguzi wa elimu, na wakubwa wa wilaya na mkoa, na wazazi wenye hasira. Hakuna aliyepata kunifunga kinywa kama mtoto yule. Tangu hapo alinijibu nilipomwita, kama adabu inavyotaka, lakini siku tatu hakuja kukaa karibu nami. Ndipo nilipoanza kuichunguza dawa niliyokuwa nimeinywa.

Hoja yangu ni hii. Kazi ni nzuri, na kazi humsaidia mwenye huzuni; lakini haimsaidii kwa kumsahaulisha. Anayempa mtu kazi ili asahau anamfundisha kukimbia. Na anayekimbia jambo ambalo hajalizika atalikuta linamngoja mlangoni.

Tazameni hekima ya desturi zetu wenyewe. Mtu anapofariki katika kijiji chochote cha Ufipa, kwani hatufanyi kazi? Tunafanya sana! Wanaume huchimba kaburi, wanawake huteka maji na kupika, vijana hutumwa kupeleka habari, wazee hupokea wageni. Mfiwa mwenyewe huambiwa akae. Kila kazi inayofanywa siku hizo inamhusu marehemu. Hakuna jirani anayemwendea mfiwa siku ile ya kwanza akamwambia, "Nenda ukapalilie, utasahau." Angetokea wa namna hiyo, tungemwona hana akili timamu. Jembe la shamba hurudi mkononi baada ya matanga kuanuliwa, nalo hurudi kwa sababu maisha lazima yaendelee, si kwa sababu marehemu amesahauliwa. Utaratibu ni huo: kwanza kazi ya aliyeondoka, kisha kazi ya waliobaki.

Kwa mnyama tumeukata utaratibu huu katikati. Tunaruka sehemu ya kwanza, tunakimbilia ya pili, halafu tunashangaa inakuwaje mtu anatenga ugali kwa wiki sita.

Nitaambiwa kwamba ninalinganisha mbwa na binadamu. La hasha! Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na Kiswahili hakina mchezo katika jambo hili. Mtu hufariki, mbwa hufa. Mwili wa mtu ni maiti. Wa mbwa ni mzoga. Sitaki kuyavuruga maneno hayo, wala siombi mtu amtandikie mbwa turubai au amwite padri. Lakini tazama: lugha iliyotofautisha kifo cha mtu na cha mnyama haikuwapa wafiwa majina mawili ya huzuni. Huzuni ni huzuni. Yaweza kuwa kubwa au ndogo, ya mwaka au ya mwezi, lakini iliyo ndogo nayo ina haki ya kuitwa kwa jina lake. Anayesema "ni mbwa tu" amesema kweli juu ya mbwa, ila mimi sikuwa nimemwuliza habari za mbwa.

Nitaambiwa pia kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Hoja hii ni ya kivivu, na nimeisikia ikitumiwa dhidi ya kila kitu, kuanzia miwani hadi mswaki. Mfugaji wa Kifipa anayelima kwa maksai huwapa ng'ombe wake majina, huwajua tabia zao, na mmoja akifa kwa ndigana kali mzee huyo hukosa usingizi, wala si kwa sababu ya bei peke yake. Sisi Wakristo tunasoma katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, jinsi nabii Nathani alivyomsimulia mfalme Daudi habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, aliyekula katika chakula chake na kulala kifuani pake kama binti yake. Daudi aliposikia kwamba tajiri amemchinja yule kondoo, hakusema "ni kondoo tu", aliwaka hasira. Katika Kitabu cha Tobiti, ambacho sisi Wakatoliki tunacho katika Biblia yetu, kijana Tobia anaposafiri, mbwa anafuatana naye, na mwandishi aliona inafaa jambo hilo dogo liandikwe. Nao ndugu zetu Waislamu, ambao wana sharia zao kuhusu unajisi wa mbwa, wanamsoma katika Sura ya Pango mbwa aliyelala kizingitini akiwa na wale vijana waliokimbilia pangoni. Vitabu hivyo havikuandikwa Ulaya.

Hata hivyo, nisikimbie mfano wa Mzungu pale unapofundisha. Wengi tumesikia habari za Joy Adamson na mumewe George, waliomlea simba jike aitwaye Elsa huko Kenya wakamrudisha porini. Elsa alikufa mwezi wa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe, akazikwa huko Meru. Je, mama yule alijishughulisha? Alijishughulisha kuliko mimi na intumba zangu! Watoto watatu wa Elsa walikamatwa wakahamishiwa Serengeti mwaka huo huo, na yeye na mumewe wakawatafuta porini kwa miezi mingi. Kitabu chake cha pili kilitoka 1961, cha tatu 1962, na fedha za vitabu zikasaidia kuhifadhi wanyama. Alipouawa mwaka 1980, majivu yake yalipelekwa kwenye kaburi la Elsa. Mtu anaweza kuwa na maneno yake juu ya maisha ya walowezi, nami ninayo. Lakini angalia aina ya kazi ile. Kwanza, Elsa alikuwa na kaburi. Pili, kila kazi iliyofuata ilitoka kwake na ilimhusu yeye na jamii yake. Kazi ya namna hiyo haifuti kumbukumbu. Inaitumia.

Wako pia watakaosema: basi ni heri mtu asifanye kazi, akae na huzuni yake mpaka iondoke yenyewe. Hapana. Kaskazini yetu, katika ufuo wa Ziwa Tanganyika hilo hilo ambalo Wafipa wa bondeni huvua samaki wake, iko hifadhi ya Gombe, alikofanyia utafiti Jane Goodall. Mwaka 1972 sokwe mzee aitwaye Flo alikufa huko. Mwanawe Flint, aliyekuwa na umri wa miaka 8 hivi, alidhoofika, akakataa kula, akabaki karibu na mahali alipofia mama yake, naye akafa baada ya wiki kama tatu. Sokwe hana matanga ya kuanua, wala hana jembe la kurudia. Sisi tumepewa vyote viwili. Kuchagua kimoja na kukiacha kingine ni ujinga upande wowote.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Miaka ya 1980, chuoni kwangu, alikuwapo mwanachuo mmoja kutoka mbali aliyefiwa na mama yake. Habari ilimfikia kwa simu ya maandishi baada ya mazishi, na mabasi ya wakati ule, hasa masika, hayakuwa ya kutegemea. Nilimwita ofisini. Sisi tulikuwa walimu wa zama za Uhuru na Kazi. Tulikwisha kumeza Elimu ya Kujitegemea tangu ilipotangazwa mwaka 1967, na chuo chetu kilikuwa na shamba kubwa. Nikamwambia maneno yale yale: asikae bwenini akiwaza. Nikampa usimamizi wa ekari mbili za mahindi. Alizilima vizuri sana. Nilimtaja mbele ya wenzake kuwa mfano wa ujasiri.

Tulikutana tena miaka mingi baadaye huko Namanyere, yeye akiwa mwalimu mkuu. Tulikunywa chai, tukacheka. Wakati wa kuagana akaniambia, bila uchungu wowote, "Mkuu, yale mahindi niliyalima nikidhani kwamba nikiyamaliza utaniruhusu kwenda kuliona kaburi la mama." Sikuwa nimempa ruhusa, kwa sababu hakuniomba, na hakuniomba kwa sababu nilimwambia kwamba kazi itamsahaulisha. Siku ile niliona ni neno la kupita. Nililielewa nilipoulizwa na mtoto wa miaka 9 kaburi la mbwa liko wapi.

Simlaumu Mwalimu Nyerere kwa hilo. Yeye alitufundisha kwamba kazi ni utu. Sisi wakuu wadogo wadogo ndio tuliogeuza kazi kuwa kitambaa cha kufunikia kidonda, kwa kuwa kidonda cha mwanafunzi kilitusumbua sisi. Huo ndio ukweli wa ushauri huu, na naomba kila anayeutoa ajiulize: unamwambia mwenzako ashike jembe ili yeye apone, au ili wewe usimwone akilia?

Siku ya nne nilimwambia mjukuu wangu avae viatu. Tukamtafuta yule kijana wa gunia, akatuonyesha korongo. Hatukukuta kitu, ila gunia lenyewe, limechanika. Watu husema kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, katika Kifipa maana yake ni "tupa uchawi". Ni jina zuri. Atakayeingia mjini na atupe uchawi wake. Lakini hatukuambiwa kumtupa rafiki. Tulirudi nyumbani, tukachimba shimo chini ya mparachichi, tukazika mkanda wake wa shingoni na bakuli lake la bati. Mtoto ndiye aliyechimba. Mimi nilisimama nikashika taa, maana giza lilikuwa limeingia. Hatukusema maneno mengi. Tuliporudi ndani alikuja kukaa karibu nami, na usiku ule nilikula ugali wangu wote.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mnyama wako akifa na ukatamani kujishughulisha, jishughulishe. Lakini fuata mpango. Kwanza, mzike wewe mwenyewe au uwepo akizikwa, shimo liwe refu ili fisi na mbwa wengine wasimfukue. Ikiwa unashuku kichaa cha mbwa, usimguse kwa mikono mitupu; mwite mtaalamu wa mifugo. Pili, waambie watoto ukweli siku ile ile. Usiwaambie "ametoroka" au "amepewa mtu". Mtoto atakungojea kila siku umrudishe. Tatu, usikimbilie kuleta mwingine kabla hujamwaga machozi ya wa kwanza, kwa maana huyo mpya atapigwa kwa kosa la kutokuwa yule. Nne, tafuta kazi iliyotoka kwa yule aliyekufa.

Mimi kazi yangu niliipata bila kuitafuta mbali. Wataalamu wanatuambia kwamba vifo vya kichaa cha mbwa miongoni mwa watu karibu vyote hutokana na mbwa, na kwamba mahali ambapo asilimia 70 ya mbwa wamechanjwa, ugonjwa huo hukosa njia ya kuenea. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba. Ilipokaribia, nilipita nyumba kwa nyumba kuwahimiza majirani wawapeleke mbwa wao kwenye chanjo. Nilirudia njia ile ile ya asubuhi, milango ile ile, ila safari hii hakuna aliyenitangulia. Katika kila mlango nilitajiwa jina lake. "Leo umekuja bila tarishi, Mwalimu," mama mmoja aliniambia, kisha akaweka chai jikoni. Nilikaa, nikanywa, tukamzungumza.

Intumba zangu nazo zilifanya kazi yake. Mvua zilipoanza nilizibomoa na kupanda ulezi. Mkulima wa Kifipa hajapata kusema kwamba amesahau majani aliyoyafukia. Anajua yaliko, na ndiyo sababu anarudi kupanda pale pale. Ningekuwa bado na chuo, hilo ndilo ningelifundisha, na yule kijana wa ekari mbili ningempa kwanza nauli.